Nyumbani zinakaa, ukumbini zinagongana: kisa cha DJ mchanga na milisekunde 40

Kijana anayehusika na kisa hiki ana kontrola ya chaneli mbili (ubao wa sahani na vitufe unaoendesha programu ya DJ), laptopu aliyoinunua mkononi kwa mtu, na hedifoni za waya. Alijifundisha kuunganisha ngoma kwa sikio tu. Kitufe cha sinki, kile kinachoiachia programu ilinganishe ngoma yenyewe, hakigusi, na sehemu ya skrini inayoonyesha mawimbi na namba za kasi ameiziba kwa kipande cha boksi. Nimesikiliza rekodi zake za mazoezi ya nyumbani, Tabata: ngoma inaingia, mdundo unakaa juu ya mdundo, zinakwenda pamoja dakika nzima na zaidi, na mpaka ushtuke ile ya kwanza imeshatoka. Kwa mtu anayeanza, hiyo ni kazi safi.

Kisha akapata sendofu yake ya kwanza ya kulipwa, hapa hapa Dar, ukumbi wa watu mia tatu hivi. Usiku ule karibu kila alipoingiza ngoma mpya, ziligongana. Si kugongana kwa kuanguka kabisa. Ni ule mdundo unaosikika mara mbili, du-du, du-du, mpaka wamama waliokuwa wameingia katikati wanapunguza mwendo wakitafuta mguu uende wapi. Baada ya sekunde kumi au kumi na tano anairekebisha, wanaendelea, halafu ngoma inayofuata hadithi inaanza upya. MC akawa anamjazia nafasi kwa maneno.

Kesho yake akaniandikia: "Shikamoo kaka. Nahisi sikio langu bado. Nyumbani zinakaa, ukumbini zinagongana. Nirudi kwenye sinki?"

Wenzake walikuwa wameshampa majibu. Mmoja alisema ni woga wa mara ya kwanza. Mwingine akasema ngoma alizishusha mtandaoni zikiwa mbovu. Wa tatu, ambaye naye hupiga, akasema tatizo ni singeli, kwamba singeli haiunganishiki kwa sikio, hiyo ni ya kukata na kubandika tu. Kila jibu lina ukweli wake mdogo, lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyeomba kusikia rekodi.

Mimi niliiomba. Bahati nzuri laptopu yake ilikuwa inarekodi kutoka ndani ya programu, yaani sauti kabla haijafika kwenye spika. Rekodi ya namna hiyo haina ukumbi, haina kelele za sahani za pilau, wala mwangwi wa ukuta. Kama ngoma zimegongana humo, basi zimegongana kweli, hazikuharibiwa na ukumbi njiani.

Na zilikuwa zimegongana.

Kabla sijaendelea, msomaji anayeanza ajue kwamba kuunganisha ngoma mbili kuna mambo mawili, na wengi huyachanganya. La kwanza ni kasi. Chukua ngoma ya mapigo 120 kwa dakika na nyingine ya 121, zianze pamoja kwenye pigo la kwanza. Baada ya sekunde 30 zimeachana nusu pigo, mdundo wa moja unaangukia katikati ya midundo ya mwenzake, na hapo ndipo ukumbi unapokunja uso. Tofauti ikiwa sehemu moja ya kumi tu ya pigo kwa dakika, baada ya dakika nzima zitakuwa zimeachana milisekunde 50. Kasi unairekebisha kwa slaida. La pili ni nafasi: ngoma mbili zinaweza kuwa na kasi ile ile hasa, ila moja imeanza mapema kidogo, basi itabaki mbele kwa kiasi kile kile mpaka mwisho. Hiyo unairekebisha kwa kugusa ukingo wa sahani ya kontrola, kuisukuma au kuizuia kidogo.

Makosa haya mawili yanaacha alama tofauti. Kosa la kasi linakua: mwanzo huliskii, baada ya sekunde ishirini unaliskia, baada ya arobaini kila mtu analiskia. Kosa la nafasi halikui. Na kosa la sikio changa, mtu ambaye bado hajaweza kujua ipi imetangulia, huwa halina upande: mara ngoma mpya iko mbele, mara iko nyuma, mara imekaa sawa kwa kubahatisha.

Nikaifungua rekodi kwenye Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, nikavuta karibu kila mahali ngoma mbili zilipokutana. Kwenye mawimbi mdundo wa besi unaonekana kama kilima kinachoinuka ghafla, kwa hiyo ni rahisi kupima umbali kutoka kilima cha ngoma ya zamani hadi kilima cha ngoma mpya. Maunganisho karibu yote ya amapiano yalikuwa na umbali wa kati ya milisekunde 35 na 45. Haukui. Na kila mara, bila kukosa, ngoma mpya ndiyo iliyo nyuma.

Hapo ndipo shutuma dhidi ya sikio lake zilipokwisha. Woga haukosei upande mmoja usiku kucha. Mtu mwenye woga hukimbiza, husahau, huinua feda (kitelezi cha sauti ya kila ngoma) isiyo yake. Huyu alikuwa anakosea kwa usahihi ambao ma-DJ wengi hawaufikii hata wakipatia. Kuweka ngoma milisekunde 40 nyuma kila mara, tofauti isizidi tano huku wala tano kule, ni kazi ya mtu anayesikia vizuri sana. Swali likawa moja: alikuwa anasikia nini?

Tulirudi ukumbini siku ya kazi, mchana, mlinzi akatufungulia. Katika sherehe za Dar mpambaji ndiye mwenye ukumbi. Yeye anapanga jukwaa la bibi harusi mtarajiwa, meza ya wazazi, njia ya kuingilia, mataa, na DJ anapewa pembe iliyobaki, kwa kawaida jirani na mlango wa jikoni penye soketi moja inayolegea. Meza ya kijana ilikuwa huko. Spika kubwa mbili na sabufa zake zilisimama mbele, kulia na kushoto kwa jukwaa. Spika ya kusikilizia mezani kwake haikuwepo. Tukapima kwa hatua kutoka mezani hadi spika ya karibu: mita 14 hivi.

Sauti inasafiri karibu mita 343 kwa sekunde katika hewa ya nyuzi 20. Katika joto letu la nyuzi 30 inafika kama 349. Gawanya 14 kwa 349, unapata milisekunde 40.

Ukimtazama fundi bati akiwa juu ya paa la mbali, unaona nyundo imeshatua ndipo mlio unakufikia. Kijana alikuwa katika hali hiyo hiyo, ila kwa sikio moja tu. Sikio la kulia lilikuwa wazi, likisikiliza ngoma inayochezwa ukumbini, ambayo inamfikia ikiwa imechelewa milisekunde 40. Sikio la kushoto lilikuwa na hedifoni, likisikiliza ngoma mpya ambayo haisafiri popote, inatoka kwenye waya na kuingia sikioni. Yeye akazilinganisha kwa uaminifu: mdundo wa hedifoni juu ya mdundo wa ukumbi. Kwake zilikaa sawa kabisa. Ila ili zikae sawa kwake, ilimbidi bila kujua aicheleweshe ngoma mpya kwa muda ule ule ambao sauti ya spika ilitumia kuvuka ukumbi. Alipopandisha feda, ngoma zote mbili zikatoka kwenye spika zile zile, na ule ucheleweshaji wake ukabaki wazi mbele ya watu. Mgeni aliyekaa mstari wa mbele na aliyekaa mstari wa mwisho walisikia kosa lile lile, kwa sababu kwao ngoma zote mbili zilikuwa zimetembea njia moja.

Nyumbani, spika zake ndogo ziko mezani, umbali wa mkono. Nusu mita ni milisekunde moja na nusu. Hakuna sikio la binadamu linalogombana na hiyo.

Kuna jambo la pili ndani ya rekodi ambalo lilinichukua muda kulielewa, na nadhani ndilo lililomvunja moyo zaidi. Baada ya ngoma mpya kuingia, kila mara kuna masahihisho: anaisukuma mbele, inakaa sawa, halafu sekunde chache baadaye anairudisha nyuma palepale ilipokuwa, kisha anaisukuma tena. Nikamuuliza kama wakati huo hedifoni ilikuwa bado sikioni. Ilikuwa, na kitufe cha kusikilizia ngoma mpya kilikuwa bado kinawaka.

Maana yake ni kwamba alikuwa anasikia vitu vitatu. Ngoma ya zamani kutoka ukumbini. Ngoma mpya kutoka ukumbini. Na ngoma mpya hiyo hiyo kutoka kwenye hedifoni, milisekunde 40 mapema. Akifuata sauti ya ukumbi, anarekebisha vizuri. Akifuata hedifoni, anaharibu alichorekebisha. Akawa anahama kati ya mashahidi wawili wanaopingana bila kujua kwamba ni wawili. Mtu yeyote angeamini sikio lake limekufa.

Ndiyo maana dawa ya kwanza haikuwa kununua kitu. Kontrola yake ina kinobu ambacho hakuwahi kukigusa, kile kinachochanganya ndani ya hedifoni ngoma unayoiandaa na ile inayotoka kwa watu. Kikiwa upande mmoja unasikia ngoma mpya peke yake, kikiwa katikati unazisikia zote mbili. Tukaunganisha spika za ukumbi, nikamwambia avae hedifoni masikio yote mawili, kinobu katikati, aunganishe bila kusikiliza ukumbi kabisa. Akafanya amapiano mbili. Zilipotoka, zilikaa kama za Tabata. Akavua hedifoni, akatazama spika, akacheka peke yake.

Jambo hili si geni kwa wanaojenga klabu. DJ Francis Grasso, aliyepiga klabu ya Sanctuary huko New York mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, ndiye anayehesabiwa kuwa wa kwanza kuufanya mtindo wa kulinganisha mapigo ya santuri mbili kuwa msingi wa kazi, na tangu hapo kazi yote imesimama juu ya kuisikia santuri ya pili kabla ya watu. Kampuni ya Technics ilipotoa mashine ya santuri ya SL-1200 mwaka 1972, na hasa MK2 ya mwaka 1979 yenye slaida ya asilimia 8 juu na chini, upande wa kasi ukapata kifaa chake. Upande wa kusikia ulitatuliwa kwa kumwekea DJ spika yake kando ya meza, karibu kiasi kwamba umbali hauna maana. Klabu yoyote yenye heshima inayo. Kumbi zetu za sherehe hazikujengwa kwa ajili ya DJ, na anayekodishwa muziki huleta spika za watu, hakuletei ya kwako.

Hesabu ya kukumbuka ni ndogo: kila mita inakugharimu karibu milisekunde 3. Chini ya milisekunde 10 midundo miwili husikika kama mmoja mnene. Ikipita 20 au 30, hata asiyejua muziki anahisi kuna kitu. Kwa hiyo spika iliyo mita 3 kutoka kwako unaweza kuilinganisha na hedifoni ukaponea. Ya mita 10, usijaribu.

Sasa singeli. Yule rafiki aliyesema singeli haiunganishiki alikuwa amesikia kitu cha kweli, akakipa sababu isiyo yake. Kijana alikuwa anatoka kwenye amapiano ya 113 kuingia singeli ya 226, mara mbili kamili, na huo ni ujanja mzuri: unahesabu pigo moja la amapiano kwa mawili ya singeli, ukumbi unaruka bila kukatika. Lakini pigo la 113 lina urefu wa milisekunde 531, na la 226 lina 265 tu. Kosa la milisekunde 40 kwenye amapiano ni kama sehemu moja ya kumi na tatu ya pigo. Kwenye singeli ni karibu sehemu moja ya saba, na singeli imejaa ngoma ndogo zisizopumzika hata nukta, kwa hiyo hakuna upenyo wa kuficha. Kosa lile lile lilikuwepo usiku kucha. Singeli ililianika tu. Ilipofika zamu ya singeli ndipo mjomba mmoja alipomfuata mezani kumuuliza kama mashine ni nzima.

Katika rekodi ile kulikuwa na muunganiko mmoja usiofuata kanuni. Wazee walipoomba zilipendwa, aliunganisha ngoma mbili za dansi za zamani, na hapo umbali haukuwa 40. Ulianza karibu sifuri, ukakua, ukapungua, ukakua tena. Huu ni ugonjwa mwingine kabisa na hauhusiani na ukumbi. Bendi kama Msondo na Mlimani Park zilirekodi Radio Tanzania wanamuziki wakiwa pamoja, mpiga dramu ni mtu, hakuna mashine inayomhesabia. Wakifika kwenye chemko la gitaa bendi nzima inapanda kasi kidogo, na ndio utamu wenyewe. Nakala nyingi zinazozunguka pia zilipitia kanda, na kanda haziendi kwa kasi moja. Namba inayoonekana kwenye skrini ni wastani tu. Ngoma za namna hiyo zinataka mkono usiotoka kwenye sahani, ukisukuma na kuzuia muda wote zikiwa pamoja, na kijana hakuwa amefika huko.

Nirudi kwenye swali lake la sinki, maana alistahili jibu la wazi. Usiku ule, kwa amapiano na singeli, sinki ingemwokoa. Programu inalinganisha ngoma ndani ya laptopu, haisikilizi ukumbi, kwa hiyo umbali wa spika hauidanganyi. Anayesema sinki ni ya wavivu hajawahi kuwekwa karibu na mlango wa jikoni. Lakini kwenye zilipendwa sinki ingeanguka vibaya kuliko yeye, kwa sababu inategemea gridi ya mapigo yaliyopangwa sawasawa, na bendi ile haikupiga kwa gridi. Msimamo wangu ni kwamba aendelee kuunganisha kwa sikio, na boksi lake kwenye skrini libaki wakati wa mazoezi. Kazini alitoe. Mgeni hakulipia sendofu ili DJ ajipime.

Mazoezi tuliyobadilisha ni mawili. La kwanza, anaunganisha ndani ya hedifoni peke yake mpaka izoeleke, na akipandisha feda tu, anazima kitufe cha kusikilizia ngoma mpya ili abaki na shahidi mmoja. La pili nililipenda mwenyewe: alivuta waya mrefu, akaweka spika moja mwisho wa uwanja wa nyumba yao, yeye akabaki barazani, akajaribu kuunganisha kwa njia ya zamani ili azoee ladha ya ule uongo. Majirani walivumilia. Sasa akiingia ukumbi mpya anapiga makofi mara moja, anatazama spika ziko wapi, na anajua kabla ya kuwasha laptopu kama sikio la wazi litamfaa au la.

Kwenye kusikiliza nako kulikuwa na la kurekebisha. Alikuwa anaikamata besi, na besi ndiyo inayopotea ukumbini, inazunguka kwenye kuta na kurudi. Kwenye amapiano nilimwambia aifuate ile sauti ya kayamba inayosaga juu ya kila kitu, aiache logi dramu, ile besi ya kugonga ya amapiano, maana hiyo inaruka-ruka nje ya pigo makusudi na inampoteza anayeanza. Ngoma mbili zikikaa sawa, kayamba mbili zinageuka moja yenye mchanga mzito zaidi. Zikiachana kidogo tu, unasikia zinakwaruzana. Na usipojua ipi imetangulia, izuie ile mpya kidogo kwa kidole: mkwaruzo ukipungua ulikuwa sahihi, ukizidi basi isukume. Hakuna aibu katika kubahatisha upande mradi unajua kusoma jibu.

Tahadhari mbili. Kuunganisha hedifoni masikio yote mawili katikati ya ukumbi unaopiga kelele kunamshawishi mtu apandishe sauti mpaka mwisho. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila ikiongezeka desibeli 3 muda unakatwa nusu, hivyo kwenye 100 unabakiwa na dakika 15. Sendofu ina saa tano. Hedifoni zinazoziba sikio vizuri zina thamani kuliko zenye nguvu. Ya pili ni kwa wanaojifunza nyumbani kwa spika ya bluetooth: sauti yake inaweza kuchelewa milisekunde 100, 200, hata zaidi, sawa na kuiweka spika mtaa wa pili, hata kama iko mezani kwako. Tumia waya.

Katika shughuli iliyofuata, ukumbi mwingine, meza iliwekwa pembeni vile vile. Kijana alikuwa ameazima spika moja ndogo, akaiweka mita moja kutoka sikioni. Kontrola yake haina njia ya pekee ya spika ya DJ, kwa hiyo fundi wa muziki alimgawia sauti kutoka kwenye miksa yake, ile ile inayokwenda kwa watu. Maunganisho ya amapiano yalikuwa safi, nimeyapima. Singeli mbili zilikaa, ya tatu alikosea hesabu akaingia kwenye pigo la tatu badala ya la kwanza, kosa la kawaida la mwanafunzi, lisilo na fizikia ndani yake. Zilipendwa bado haziunganishi. Anasubiri gitaa limalize, anashusha feda, anampa MC sekunde mbili, anaweka nyingine, na wazee hawajalalamika.